Fundo kwenye Ncha ya Leso

Mwanakhamisi aliingia nyumbani kwa ndugu yake Sheikhan huko Mjambere bila kupiga hodi, kama ilivyo desturi yake, akavua viatu, akambusu mamake mkono, kisha akainua uso akaiona rafu. Balaa lote lilianzia hapo.

Kwenye rafu hiyo, juu kidogo ya kitanda alicholazwa mamake, Bi Nana, walikuwa wamepangwa mashujaa wa plastiki, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Mmoja ana mabawa, mwingine ana ngumi kubwa kuliko kichwa, mwingine amechuchumaa kama anayevizia kuku wa jirani. Wote wamepakwa rangi hadi vifungo vya mikanda yao. Mwanakhamisi alikwisha kuwaona mara nyingi sebuleni hapo na hakuwahi kusema neno. Lakini wakati huo mama alikuwa mzima. Sasa figo za mama zimechoka, daktari amesema warudi naye nyumbani wamtunze, kitanda chake kimeletwa sebuleni apate upepo wa dirisha, na masanamu yanamtazama usoni.

"Mama yuko hali hii, na nyumba imejaa masanamu," alisema. "Malaika wa rehema wapite wapi?"

Sheikhan alikuwa ameketi chini karibu na mlango akikata kucha. Alijibu kwamba ni vitu vya kuchezea tu, havina maana yoyote. Lilikuwa jibu baya, na dadake alikuwa akilingojea hilo hilo. Alimuuliza mwanamume wa miaka arubaini anachezea nini, na kama amekosa mtoto wa kumnunulia vitu vya kuchezea ndio maana ameanza kujinunulia mwenyewe. Sumeya, mkewe Sheikhan, alikuwa uani akipepeta mchele, na dirisha lilikuwa wazi. Ungo ulisimama mkononi mwake, kisha ukaendelea.

Wa kuamua alikuwa mgonjwa. Wote wawili walimgeukia. Bi Nana aliitazama rafu, akafumba macho.

"Waondoe, mwanangu," alisema. "Mimi ni msafiri saa hizi. N'taka nyumba safi."

Sheikhan aliona kama amechapwa kofi. Hakuumizwa na amri yenyewe, maana mgonjwa ana haki ya kuamua anachotaka. Kilichomuuma ni kwamba mama huyu ndiye aliyemfundisha kuwapaka.

Sanduku la mashujaa Sheikhan alilinunua soko la Kongowea, kwenye rundo la mitumba ya vitu vya watoto. Lilikuwa la mchezo fulani wa mezani ambao hakujua unachezwaje; dadu zimepotea, na kitabu cha maelezo kimeandikwa kwa lugha asiyoijua. Mashujaa wenyewe walikuwa wa kijivu watupu. Lakini Sheikhan anafanya kazi katika duka la rangi, ambako kutwa nzima huchanganya rangi za kuta za watu wengine, na mabaki ya mikebeni huwa yake. Akaanza. Wa kwanza alimpaka rangi nzito hadi pua ikapotea. Bi Nana alimchukua, akamgeuza kwenye mwanga, akauliza huyu amepakwa ama amepikiwa uji.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kabla figo hazijamlaza, Bi Nana alikuwa mpakaji hina na piko, na mabibi harusi wa Kisauni nzima walipita mikononi mwake. Alimwambia mwanawe azimue rangi mpaka iwe kama maziwa, apake mara tatu badala ya mara moja. Aegemeze kidole cha mwisho mahali ili mkono usicheze. Aanze mbali na yeye, kiganja kisije kikafuta alichokwisha kukipaka. Akifika kwenye mato azuie pumzi. Bi Nana alisema mato, si macho, kama walivyosema wazee wake wa Mji wa Kale.

"Na ukikosea usifute," alimwambia. "Ukifuta ikiwa mbichi, waiharibu yote. Iwache ikauke."

Sheikhan alikuwa amewahi kufukuzwa kazi mbili kwa sababu ya papara. Kwenye mashujaa hawa ndipo alipojifunza kungojea kitu kikauke. Sumeya aliliona somo hilo likiingia hata kwenye ugomvi wao. Zamani mumewe alikuwa akijibu kabla hajaulizwa. Siku hizi alikuwa akinyamaza kwanza.

Katika sanduku mlikuwa na shujaa mmoja mwanamke, amenyoosha mkono mbele kama anayesimamisha gari, na nguo zake ni sawa na hana. Bi Nana hakumpenda hivyo. Alitaka asitiriwe. Basi Sheikhan akampaka weusi kuanzia shingoni hadi miguuni, na joho la mgongoni likawa buibui. Ilipofika mikono, Bi Nana aliomba brashi. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kutetemeka, kwa hivyo aliuegemeza juu ya mkono wa mwanawe, akazuia pumzi. Alipomaliza, vidole vya yule mwanamke vilikuwa vyekundu vya hina, na kwenye kiganja palikuwa na ua la petali tano, dogo kuliko punje ya mtama, na nukta moja nje ya ua upande wa kidole gumba. Nukta hiyo alikuwa akimwekea kila bibi harusi. Ilikuwa kazi yake ya mwisho, na wote wawili walijua bila kuambiana.

Siku hiyo hiyo alimpa wosia. Siku yake ikifika, alisema, Mansur ataingia kaburini kumlaza kwa sababu ndiye mwana mkubwa, na sawa. Lakini mafundo ya sanda yafunguliwe na Sheikhan.

"Mansur ana papara. Atayavuta, ama atayakata. Mimi n'taka nifunguliwe taratibu, kama nilivyokuwa nikiwafungua maharusi vitambaa vya hina."

Sheikhan alisema inshallah, siku bado zipo. Bi Nana hakutaka inshallah ya kumnyamazisha. Alimfanya mwanawe aseme wallahi, ndipo akamrudishia brashi.

*

Kabla Mwanakhamisi hajavaa viatu vyake, habari zilikuwa zimeshafika Changamwe kwa simu. Mansur ana duka la vipuri vya magari huko, na ndiye aliyenunua kitanda cha mgonjwa, dawa na kila kitu. Hakuacha mtu asahau. Alimpigia Sheikhan akamwambia asubuhi asisikie kwamba vile vidude bado vimo nyumbani, na akamuuliza, kwa upole wa kuudhi, yeye katika ugonjwa huu amechangia nini zaidi ya rangi.

Sheikhan alikata simu. Alikuwa akimwinua mama kila asubuhi, kumwosha miguu iliyovimba, kumlisha uji kwa kijiko, lakini mambo hayo hayana risiti. Alichukua shujaa mmoja mfukoni akaenda msikitini kumwona Ustadh. Ustadh alikuwa mtu mpole. Alimgeuza shujaa yule huku na huku, akakaribia kutabasamu, akasema kinachokatazwa ni ile sura. Kitu kikiondolewa uso kimekuwa kama jiwe au kipande cha mti. Basi aondoe nyuso, awaweke mbali na mgonjwa, yatoshe.

Alasiri hiyo Sheikhan aliketi kwenye kizingiti cha mlango wa uani na wembe. Alikwangua uso mmoja baada ya mwingine. Macho yaliyomgharimu jioni nzima na pumzi kuzuiwa yalitoka kwa mkwaruzo mmoja, yakawa unga. Sumeya aliketi naye.

Walipokuwa wakiwarudisha kwenye sanduku, Sheikhan aligundua mwanamke wa buibui hayupo. Walitafuta chini ya kitanda, nyuma ya kabati, ndani ya mfuko wa takataka. Sheikhan akamuuliza mkewe kama ndiye aliyemficha. Lilimtoka tu, na alijuta palepale. Sumeya, aliyetukanwa asubuhi kwa kukosa mtoto, sasa anaulizwa kuhusu kidude cha plastiki. Aliinuka akaenda kulala bila kula.

Hakuwa Sumeya. Mwanakhamisi alipotoka barazani kupiga simu, na Sheikhan alipokwenda bombani kunawa uso ili asionekane amelengwalengwa na machozi, Bi Nana alibaki peke yake. Alinyoosha mkono wake mwembamba hadi rafuni, akamchukua yule mwanamke, akamfunga kwenye ncha ya leso yake, fundo lile lile la kufungia pesa. Alikuwa anawaogopa malaika kwelikweli. Na alimtaka mwanamke wake. Hakuona haja ya kumweleza mtu yeyote jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja.

Tangu siku hiyo hakukubali leso hiyo ifuliwe. Sumeya alipombadilisha nguo aliligusa fundo, na Bi Nana akaweka kiganja juu yake, akatikisa kichwa. Sumeya alidhani ni pesa za sadaka. Wazee wana pesa zao za siri, na mkamwana mwenye adabu haulizi.

*

Bi Nana alifariki Alhamisi asubuhi, Sheikhan akimlainisha midomo kwa pamba yenye maji. Hakukuwa na purukushani. Alivuta pumzi, akaizuia kama anayefika kwenye macho, na hakuitoa.

Ilikubaliwa azikwe baada ya sala ya adhuhuri. Mansur alifika kutoka Changamwe na kulia kwake kulisikika tangu barabarani. Tusimnyime haki, alimpenda mamake. Turubai lilifungwa uani, viti vikaja, wanaume wa mtaa wakakaa. Sheikhan alimvuta kakake pembeni akamweleza wosia wa mafundo. Mansur alifuta macho, akaitikia kwa kichwa. Alisema ni sawa, wataingia wao wawili na mjomba wao, na mafundo atayafungua Sheikhan, kwani mkono wake ni mwepesi. Sheikhan alikwenda kutawadha. Akakunja mikono ya kanzu, akakata kucha vizuri, kama anayejiandaa kwa kazi.

Ndani, mwosha alikuwa mwanamke mtu mzima aliyewaosha maiti wengi wa Kisauni, na mdomo wake ulijulikana kama mikono yake. Mwanakhamisi alikuwa akimsaidia. Sumeya alikuwa akileta maji. Walipomvua marehemu leso waliliona fundo. Mwosha alilifungua ili pesa zikabidhiwe warithi, kama ilivyo haki. Kilichomwangukia kiganjani alikitupa papo hapo.

Kilikuwa kimwanamke cha buibui, mikono myekundu kama iliyotoka kuchinja.

Mwosha alirudi nyuma akasoma aliyoyasoma. Kisha akasema alichofikiri: huyu ni Nana mwenyewe, ametengenezwa akafungwa, ndiyo maana ugonjwa wake haukusikia dawa. Baada ya hapo hakusema zaidi. Aligeuza tu macho kwa Sumeya aliyekuwa amesimama na ndoo, akauliza ni nani aliyekuwa akimvisha marehemu nguo.

Mwanakhamisi alikiokota kile kidude kwa kipande cha pamba. Alikitazama mkononi, hasa mkononi, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Rangi ya uso wake ilibadilika, na mwosha akadhani ni hofu. Akakiweka kwenye kisahani cha chai, akakifunika kwa pamba, akaenda nacho mlangoni kumwita Mansur.

Mansur alikifunua mbele ya watu. Wazee wawili walisogeza viti vyao nyuma. Sumeya aliitwa, akasimama mlangoni nguo zikiwa zimemlowa maji ya kuoshea maiti, ameikaza leso kichwani kwa mikono miwili, mbele ya wanaume wa mtaa mzima, muuza maji na muuza mkaa wakiwemo. Hakuna aliyeinamisha macho.

"Mama ulikuwa ukimvisha wewe," Mansur alisema. "Hiki ulikifunga lini?"

"Sikijui, shemeji. Fundo nililiona. Nilidhani ni pesa."

"Uliliona."

"Nililiona."

"Na ukanyamaza."

Kila alichosema Sumeya kilikuwa kweli na kila kimoja kilimzamisha. Mtu mmoja nyuma akanong'ona jambo kuhusu wanawake wasiozaa na mambo wanayoyafanya, kwa sauti ya kutosha kusikika.

Sheikhan alikuwa ametokea bombani, maji yakimdondoka ndevuni. Alikiona kisahani na mara moja akaelewa kila kitu: rafu, leso, fundo, mkono uliotoka kitandani. Alielewa pia kwamba ana sentensi moja ya kumwokoa mkewe na kuokoa ahadi yake mwenyewe. Angesema mama amemfunga mwenyewe, huyu ni mwanamke wake, mikono hii ameipaka yeye. Na kabla udongo haujakauka, Kisauni nzima ingekuwa ikisimulia kwamba Bi Nana, mwanamke wa sala tano, aliwaamrisha wenziwe watoe masanamu, akafa na la kwake amelikumbatia. Mwosha alikuwa amesimama pale pale dirishani, masikio wazi.

Alinyamaza kwanza, kama alivyofundishwa.

"Muache mke wangu," alisema. "Hicho ni changu. Nimekifunga mimi."

Mansur alimgeukia polepole. "Mama alijua?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe.

"Hakujua," Sheikhan alisema. "Alikuwa amelala."

Mansur alimtazama mdogo wake kama mtu aliyeletewa bidhaa mbovu. Kisha akasema, bila kupaza sauti, kwamba mama aliomba kitu kimoja tu katika ugonjwa wake wote, aondolewe sanamu machoni, na mwanawe akamfungia mwilini. Akakiweka kile kidude kwenye sakafu ya saruji, akakiponda kwa jiwe la kuegemezea mlango. Buibui lilipasuka. Mkono wenye ua uliruka hadi kwenye miguu ya viti, na mtu mmoja akausukuma kwa kiatu.

"Kaburini huingii," alisema.

Ustadh aliinuka. Alisema kosa ni kosa na mlango wa toba uko wazi, lakini huyu ni mwana wa marehemu, na dini haimzuii.

"Dini haimzuii," Mansur alisema. "Mimi ndio namzuia."

Ustadh aliketi. Wanaume walitazama chini, na wengi wao walikuwa wamepata vipuri kwa mkopo dukani Changamwe. Sheikhan alikuwa bado amekunja mikono ya kanzu. Aliikunjua moja, kisha ya pili. Sumeya mlangoni alimtazama mumewe. Alijua kwamba amesema uongo, kwa sababu wiki iliyopita mwanamume huyu alitafuta kile kidude hadi ndani ya takataka.

*

Makaburini Sheikhan alisimama nyuma, pamoja na watu wa duka la rangi na majirani wa mbali. Kaburi la mwanamke hutandikwa shuka juu anaposhushwa, asionekane. Watu wanne wanashika pembe. Sheikhan hakupewa hata pembe. Alichoweza ni kuitazama ile shuka ikiinuka na kushuka, kwa mikono ya waliokuwa chini yake, na kusikiliza sauti.

Alimsikia Mansur akihema. Alimsikia mjomba akisema kichwa, kichwa kwanza. Kisha pakawa na ukimya mrefu, kisha Mansur akasema kitu kwa hasira. Jua lilikuwa limewaka. Waliokuwa juu wakaanza kuhimiza, fanyeni haraka, watu wana kazi. Sheikhan alikuwa ameifumbata mikono yake, na kila kidole kilikuwa kikijua la kufanya. Shuka ikaondolewa, mbao zikapangwa, udongo ukaanza. Alitupa makonzi yake matatu pamoja na wengine. Mtu mmoja wa duka la rangi, asiyejua kitu, alimuuliza kama yeye ni jamaa ya marehemu.

*

Siku ya tatu ilisomwa hitima. Watu walikula pilau, wakaomba dua, wakaanza kuondoka. Wanaume kadhaa walimpa Sheikhan mkono kwa ncha za vidole. Sahani aliyokuwa amekula iliwekwa kando, haikuchanganywa na nyingine. Huenda ilikuwa bahati mbaya.

Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha uani wakati Mwanakhamisi alipokuja akasimama karibu naye. Sumeya alikuwa hatua chache, akisugua sufuria kubwa.

"Ile nukta niliijua," Mwanakhamisi alisema kwa sauti ya chini. "Alinipaka mimi hivyo hivyo harusini kwangu. Ni mkono wake."

Sheikhan alimtazama dadake. "Uliijua saa ngapi?"

"Pale pale. Nilipokiokota kile kidude."

"Kabla hujaenda kumwita Mansur."

Mwanakhamisi alieleza kwamba mwosha alikuwa pale, na mdomo wa mwosha anaujua. Aliuliza angefanya nini, na jina la mama ndilo limebaki. Alisema pia kwamba Sheikhan alifanya jambo la kiume, na Mungu atamlipa, na kwamba amekuja kumwomba radhi, na kumwomba amalize kama alivyoanza: Mansur asiambiwe kamwe. Alikuwa akilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililomchosha Sheikhan zaidi.

Mkwaruzo wa sufuria ulikuwa umekoma.

"Na mimi, wifi?" Sumeya aliuliza.

Mwanakhamisi alijifuta kwa ncha ya mtandio. "Wewe ni mtu wa nyumbani," alisema. "Utaelewa."

Sumeya alimtazama, akaitazama mikono yake mwenyewe iliyojaa masizi, akarudi kwenye sufuria. Alisugua mahali pamoja tu, mpaka wifi yake alipoingia ndani. Hapo akamuuliza mumewe kwa nini asiende sasa hivi kusema ukweli, mama ameshazikwa, kuna nini tena cha kuharibika. Sheikhan alisema mambo bado ni mabichi. Sumeya alimwambia hayo ni ya rangi. Yeye ni mtu, na aliyesimama mlangoni na nguo zimemlowa ni yeye. Kunyamaza alikojifunza Sheikhan kulikuwa kumemfikisha hapo, na hakuona njia ya kurudi.

Mansur alikuwa akifungua turubai. Lilikuwa la kukodi na mwenyewe alilitaka kabla ya magharibi. Sheikhan alikwenda kusimama kando yake, na kwa muda kakake alijifanya hakumwona.

"Kaka," alisema. "Mafundo ya sanda mliyafungua yote?"

Mansur aliendelea kupambana na kamba. Alisema la kichwani walilifungua. La miguuni, mjomba.

"Na la katikati?"

"Lilikuwa limekaza. Lilipata maji, sijui. Nimevuta, likazidi." Aliivuta kamba ya turubai, nayo ikazidi kukaza. "Chini ya ile shuka hakuna hewa, Sheikhan. Watu wapiga kelele. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Sheikhan alilitazama fundo la kamba mkononi mwa kakake.

"Nimeliacha," Mansur alisema. "Nimemuuliza Ustadh baadaye. Asema haidhuru."

Aliivuta kamba tena. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimeingia grisi ya miaka hadi kwenye mikunjo. Sheikhan alimwambia amwachie. Akachuchumaa, akaegemeza kidole cha mwisho kwenye mti wa turubai, akaanza upande wa mbali. Hakuvuta. Alilisukuma fundo ndani kidogo, akalizungusha, akatafuta uzi ulio juu ya mwenzake, akaungoja ulegee. Likaachia lenyewe, kamba ikaanguka mchangani.

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Alilia amechuchumaa, mikono imening'inia, kwa sauti ambayo Sumeya aliisikia jikoni akaja hadi mlangoni akasimama pale pale aliposimama siku ile.

Mansur alimtazama mdogo wake akaingiwa na huruma. Aliinama, akamwekea mkono begani.

"Basi," alimwambia. "Usijitese. Mungu ni mwingi wa kusamehe. Nami nimekusamehe."